Vumbi likipanda juu, joto hukaa wapi?

Msimu wa kupuliza salfa ukifika, mjomba wangu huwasha mashine alfajiri, giza halijaisha. Ukipita njia ya Nanyamba, huku Mtwara, saa hizo utaona wingu la manjano limetanda kati ya mikorosho, limelala juu ya majani yenye umande, halina haraka ya kwenda popote. Mzee huyu amepigana na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, tangu mimi sijazaliwa, na ana sheria moja: majani yakianza kutikisika, mashine inazimwa. Salfa ni fedha. Ukipuliza saa nne asubuhi umemnunulia dawa jirani.

Nilikuwa naichukulia sheria hiyo kama jambo la shamba tu. Kisha mtu akatuma video kwenye kundi letu la ukoo: ukuta wa rangi ya kahawia, mrefu kuliko ghorofa yoyote, unaujia mji huku magari yakiwasha taa mchana kweupe. Aliyetuma alisema ni Khartoum. Mjomba akanipigia na maswali mawili. La kwanza, humo ndani mna mvua? La pili, likishafunika jua namna hiyo, pale chini panakuwa na baridi au joto?

La kwanza nilikwepa. La pili nilijibu upesi, kwa kujiamini kwa mtu aliyesoma sayansi mpaka kidato cha nne: baridi, jua si limezibwa? Akashukuru akakata simu. Mimi ndiye niliyebaki na wasiwasi, maana kila nilivyolichimba lile jibu ndivyo nilivyoona kwamba nimempa robo yake.

Huku kusini hatuna tufani za vumbi. Tunacho kisulisuli, kile kinachozuka uwanja wa shule saa saba mchana, kikazungusha majani makavu na mifuko, watoto wakakikimbilia wakipiga kelele. Tunalo pia vumbi jekundu la uwanda wa Wamakonde, ambalo linaingia ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli. Lakini kisulisuli huzuka pale ardhi inapopata moto mpaka hewa iliyoigusa ikanyanyuka na kujisokota. Kikiisha nguvu kinaanguka hapo hapo. Tufani ya vumbi inataka mambo makubwa zaidi: nchi kavu, tupu, yenye udongo usioshikana, tena pana sana, na upepo wenye nguvu ya kuisafisha yote kwa siku moja.

Halafu kuna jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Upepo wenyewe hauwezi kuinua vumbi jembamba kirahisi. Vumbi laini hushikana, hung'ang'ania chini. Kinachoanza kusogea ni punje za mchanga, zenye upana wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Upepo unazirusha, zinaruka kidogo, zinaanguka, na kila zinapoanguka zinapiga ardhi na kulitimua lile vumbi laini. Umewahi kumtazama mtu anayetwanga makopa? Mchi ndio unaofanya kazi. Unga mweupe unaomrukia mtwangaji usoni ni matokeo ya pigo. Jangwani mchanga ndio mchi.

Punje kubwa huanguka siku hiyohiyo. Zile zilizo chini ya maikroni 10, yaani chini ya sehemu ya mia ya milimita, zinaweza kukaa hewani wiki nzima au zaidi. Kwa makadirio ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, kama tani milioni 2,000 za vumbi huingia hewani kila mwaka, na Sahara peke yake huchangia sehemu kubwa kuliko jangwa lolote. Kuna bonde moja kaskazini mwa Chad, Bodélé, ambalo zamani lilikuwa sakafu ya ziwa kubwa. Upepo hupita kati ya milima ya Tibesti na Ennedi kama hewa inayopita kwenye mlango uliobaki wazi kidogo, unaongeza kasi, na unatokea juu ya mabaki meupe ya mwani wa kale. Sehemu ya vumbi la Sahara huvuka Atlantiki na kuanguka kwenye msitu wa Amazon. Vipimo vya setilaiti vilikadiria kama tani milioni 28 kwa mwaka, zikiwa na tani 22,000 za fosforasi. Mbolea ya bure, kutoka nchi zenye njaa ya mbolea.

Sasa ule ukuta wa Khartoum. Wasudani wenyewe huuita habub. Wingu la radi linamwaga mvua juu ya hewa kavu, matone yanayeyuka njiani kabla ya kugusa ardhi, na kuyeyuka huko kunapoza hewa, kama unavyohisi baridi ukitoka kuoga kabla hujajifuta. Hewa baridi ni nzito. Inaporomoka, ikifika chini inasambaa mbele kama ndoo ya maji iliyomwagwa kwenye sakafu ya saruji, na ukingo wake unatimua kila kitu kilicho njiani. Kwa hiyo, mjomba, mvua ipo, lakini iko nyuma ya ukuta, na mara nyingi imekauka kabla haijafika. Kinachokuja na vumbi ni ubaridi wake.

Swali la pili ndilo lililonila wiki mbili.

Punje ya vumbi ikikutana na mwanga wa jua inaweza kufanya mambo mawili. Ya kwanza ni kuutawanya: sehemu inarudi angani isifike ardhini, sehemu inaendelea chini lakini imepinda, ndiyo maana mbingu yenye vumbi huwa nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Ya pili ni kuumeza. Kiasi gani kinamezwa kinategemea rangi, na rangi ya vumbi inatokana na kutu ya chuma iliyo ndani yake. Udongo wa Newala ni mwekundu kwa sababu hiyohiyo. Mchanga wa ufukweni ni mweupe kwa kuwa kutu hiyo imekosekana. Vumbi lenye kutu nyingi humeza mwanga zaidi, na kilichomezwa hakipotei, kinakuwa joto ndani ya punje, na punje inaipasha hewa inayoizunguka. Mpaka hapa unaona tayari jibu langu limeanza kuvuja. Jua halikuzibwa tu. Sehemu ya moto wake imekamatwa kilomita mbili au tatu juu ya vichwa vya watu.

Lipo na la tatu, ambalo halihusu jua moja kwa moja. Ardhi nayo inatoa joto, mchana na usiku, joto lisiloonekana kwa macho. Ukiegemea ukuta wa saruji saa mbili usiku baada ya siku ya jua kali utalisikia mgongoni. Joto hilo husafiri kwa mawimbi marefu, ya kama maikroni 10, na punje ndogo sana haziligusi, linazipita kama maji yanavyopita nguzo nyembamba za wando wa kuvulia samaki. Punje nene ndizo zinazolikamata, na zikishalikamata zinalitoa tena kila upande, pamoja na kulirudisha chini. Hivyo vumbi laini kwa sehemu kubwa hupoza, kwa kuwa kazi yake kubwa ni kutawanya mwanga. Vumbi nene huelekea kupasha, kwa sababu linameza mwanga na kuzuia joto la ardhi lisitoke. Tufani moja ina vyote viwili, na mchanganyiko unabadilika kila siku, maana zile nene zinaanguka kwanza.

Bibi yangu hakuwahi kuepua wali bila kuupalia. Maji yakishakauka anapunguza moto wa chini, anachukua makaa na kuyapanga juu ya kifuniko. Tangu hapo sufuria haichemki tena. Joto limo, tena la kutosha kukausha punje ya mwisho, lakini linatoka juu, na kitu kinachopashwa kutoka juu hakina sababu ya kuchafuka.

Anga letu siku ya kawaida ni sufuria inayochemka kutoka chini. Jua linapita hewani bila kuipasha sana, linapasha ardhi, ardhi inapasha hewa iliyoigusa, hewa hiyo inakuwa nyepesi na kupanda ikibeba mvuke. Ikifika juu inapoa, mvuke unakuwa wingu, wingu likikua linakuwa mvua. Vumbi zito likitanda, makaa yanaondolewa chini na kupangwa kwenye kifuniko. Ardhi inapata mwanga kidogo kuliko kawaida, hewa ya juu inapata joto zaidi ya kawaida. Chini pamepoa, juu pamepata moto, na hewa inakosa sababu ya kupanda. Upepo wa chini unalegea, mawingu ya kupanda wima hayapati nafasi.

Hapo ndipo nilipoikumbuka salfa. Kwa nini lile wingu la manjano linatulia alfajiri? Kwa sababu usiku kucha ardhi imetoa joto lake, imepoa, na hewa iliyolala juu yake imepoa pamoja nayo na kuwa nzito, huku hewa ya juu kidogo ikiwa bado na uvuguvugu. Baridi chini, joto juu: hakuna kinachopanda. Jua likitoka sufuria inaanza kuchemka, majani yanatikisika, mjomba anazima mashine. Kile anachokitafuta kwa saa chache kabla ya kuchomoza jua, vumbi la jangwani linaweza kukitengeneza adhuhuri, kwa unene wa kilomita kadhaa, juu ya eneo kubwa kuliko Tanzania nzima.

Na usiku je? Usiku jua halipo, kwa hiyo hakuna mwanga wa kutawanya wala wa kumeza. Inabaki ile kazi ya tatu peke yake, ya kukamata joto la ardhi na kulirudisha. Ardhi iliyofunikwa na vumbi hupoa polepole kuliko iliyo chini ya mbingu safi. Jangwani, ambako usiku wa mbingu safi unaweza kukutetemesha, usiku wa vumbi huwa na uvuguvugu. Jibu sahihi la mjomba lilikuwa basi hili: mchana chini pana baridi kuliko kawaida na juu pana joto, usiku chini pana joto kuliko kawaida. Tofauti ya mchana na usiku inapungua kutoka pande zote mbili.

Mambo haya yamepimwa. Mwanzoni mwa Machi 2006 tufani kubwa ya Sahara ilipita juu ya Niamey, Niger, wakati vyombo vya vipimo vya watafiti vimewekwa uwanja wa ndege na setilaiti ikitazama sehemu ileile kutoka juu. Kwa mara moja wakapata hesabu ya pande zote mbili: kinachoingia juu ya anga na kinachofika chini, na katikati ya hizo mbili kile kilichobaki hewani. Miaka mitatu nyuma yake, Julai 2003, wataalamu wa Uingereza waligundua kwamba mfumo wao wa kompyuta wa kutabiri hali ya hewa unaonyesha Sahara magharibi ikitoa joto jingi kwenda angani kuliko setilaiti inavyopima, tofauti ikifika hadi wati 50 kwa kila mita ya mraba. Mfumo ulikuwa umesahau vumbi. Wati 50 kwa kila mita ya mraba si kosa la kufumbia macho. Ni kama kila kipande cha ardhi chenye ukubwa wa meza kimewashiwa balbu moja.

Watu wakisikia kwamba vumbi hutuliza hewa huuliza mara moja habari za vimbunga. Kweli, majira ya joto ya kaskazini hewa kavu ya Sahara hutoka Afrika Magharibi ikiwa tabaka zima, kuanzia kama kilomita moja na nusu mpaka tano juu ya bahari, na hufika Karibi baada ya takriban wiki moja. Kimbunga kinakula hewa yenye unyevu na hewa inayopanda. Tabaka hili halina unyevu na limepaliwa juu, kwa hiyo kimbunga kichanga kikikutana nalo mara nyingi kinadumaa. Sehemu gani ni kazi ya vumbi lenyewe na sehemu gani ni ya hewa kavu iliyolibeba, wataalamu hawajaacha kubishana. Nami ningekuwa mwangalifu na wale wanaotaka kuligeuza vumbi kuwa ngao. Juni 2020 lilivuka wingu zito la Sahara mpaka magazeti yakalipa jina la Godzilla, na msimu huohuo wa Atlantiki ukaishia na dhoruba 30 zilizopewa majina, nyingi kuliko msimu wowote kabla yake. Vumbi lilipita, bahari ikabaki na joto lake.

Sisi wa pwani hii tuna sababu zetu za kuuliza. Lindi walipigwa na kimbunga mwaka 1952, na wazee walizihesabu siku kwa tukio lile. Aprili 2019 tulikaa na redio sikioni mpaka dhoruba ya Kenneth ikapinda na kuingia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi huko Kilwa. Hewa inayotufikia hapa imetembea juu ya maji. Kusi hutoka baharini, kaskazi nayo hufika ikiwa imeufuata mwambao. Kinachoelea ndani yake kwa wingi ni chumvi, na chumvi tabia yake ni nyingine kabisa: inavuta maji na kuwa mbegu ya matone ya mawingu.

Lakini joto lililopangwa juu halizuii mvua kila mahali, na hapa ndipo somo hili liliponifurahisha. Kati ya Juni na Agosti vumbi jingi la Arabuni na Pembe ya Afrika hutanda juu ya Bahari ya Uarabuni. Hewa ya huko inapopashwa, hupanda na kuvuta hewa nyingine ije kujaza nafasi, na hewa inayokuja ni ile ya baharini, yenye maji. Watafiti waliofuatilia vipimo vya setilaiti waliona kwamba vumbi likizidi huko, mvua katikati ya India huongezeka ndani ya kama wiki moja. Hewa hiyo ya baharini inatoka wapi? Kusi ikishatupita sisi inavuka mstari wa Ikweta, inapinda kulia kwenye pwani ya Somalia na kuelekea India. Upepo unaochanganya makuti ya Mikindani mwezi wa saba ndio huohuo unaokwenda kunyesha kule. Vumbi linaloziba mvua sehemu moja linaivuta sehemu nyingine, kwa joto lilelile, kutegemea makaa yamepangwa juu ya nini.

Kilicho chini ya vumbi kina neno lake pia. Bahari ikitazamwa kutoka juu ni nyeusi. Inameza karibu mwanga wote. Ukitandaza vumbi juu yake umeweka kitu cheupe juu ya cheusi, mwanga zaidi unarudi angani, dunia inapoa. Jangwa lenyewe linang'aa. Vumbi lilelile juu yake linaweza kuwa jeusi kuliko lilichokifunika, na hapo huipasha dunia. Theluji ndiyo kali zaidi. Vumbi likianguka juu ya theluji, si hewani tena bali juu yake kabisa, theluji inameza jua ambalo ingelirudisha. Kwenye milima ya Colorado, Marekani, vumbi la majangwa ya jirani huyeyusha theluji wiki kadhaa kabla ya wakati wake, na wakulima wa mabondeni wanapata maji mapema kisha wanayakosa yanapohitajika.

Mawingu nitayapitia haraka, ingawa yanastahili makala yao. Tone dogo la maji safi, juu angani, halilazimiki kuganda likifika sifuri. Linaweza kubaki maji mpaka nyuzi 38 chini ya sifuri. Likipata punje ngumu ya kuanzia, linaganda mapema zaidi, na vumbi la jangwani, hasa lenye madini ya feldispa, ni mbegu nzuri ya barafu. Barafu ikianza ndani ya wingu inakua kwa kuiba mvuke wa matone jirani, inakuwa nzito na kuanguka. Kwa njia hiyo vumbi linaweza kuianzisha mvua. Upande mwingine, mbegu zikizidi, maji ya wingu yanagawanywa kwa matone mengi madogo yasiyofikia uzito wa kuanguka, kama chakula cha msiba kilichopikiwa watu hamsini wakaja mia tano.

Kwetu hapa ndugu wa karibu wa vumbi ni moshi. Kuanzia Agosti mpaka mvua za kwanza, mashamba yanasafishwa kwa moto, mapori ya Liwale na Nachingwea yanawaka, Msumbiji nako kunawaka, na jioni jua la Mtwara linashuka jekundu kama yai la kienyeji. Moshi una masizi, na masizi humeza mwanga kwa pupa kuliko vumbi lolote jekundu. Kupalia ni kulekule: ardhi inapungukiwa, hewa ya juu inapata. Ila chembe za moshi ni ndogo mno kulikamata joto la ardhi, kwa hiyo ile kazi ya usiku moshi hauifanyi vizuri. Usije ukatarajia moshi wa mashamba ukupe usiku wa uvuguvugu.

Mjomba aliponisikiliza mpaka hapo aliuliza kama salfa yake basi nayo inapoza dunia. Swali lake halikuwa la kipuuzi. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka Juni 1991 ulirusha gesi yenye salfa mpaka juu ya mawingu yote, gesi ikageuka kuwa matone madogo ya asidi yanayorudisha mwanga, na mwaka uliofuata wastani wa joto la dunia ulishuka kwa kama nusu nyuzi. Lakini ile ilikuwa gesi, tena ilifika zaidi ya kilomita 20 juu, mahali pasipo na mvua ya kuiosha. Salfa ya mikorosho ni unga mzito unaoishia kwenye jani, ndiyo kazi yake.

Ukijumlisha yote, kupoza na kupasha, mchana na usiku, bahari na jangwa, vumbi la dunia nzima linaegemea upande gani? Hesabu kubwa iliyochapishwa mwaka 2023 ilikadiria kwamba vumbi la hewani limeongezeka kwa kama asilimia 55 tangu kabla ya zama za viwanda, na kwamba athari yake yote kwa pamoja ni kupoza kwa wati 0.2 kwa mita ya mraba, kukiwa na nafasi ya kukosea ya wati 0.5 juu au chini. Soma tena namba hizo mbili. Nafasi ya kukosea ni kubwa kuliko jibu. Yamkini vumbi limetufichia sehemu ndogo ya joto la hewa ukaa, na siku likipungua joto hilo litajitokeza. Inawezekana vilevile ikawa kinyume.

Shida kubwa iko kwenye punje nene, zile zinazopasha. Mifumo ya kompyuta huzidondosha mapema, kwa kufuata uzito wake, lakini ndege za utafiti zikipita ndani ya mawingu ya vumbi hukuta nyingi kuliko inavyotabiriwa. Katikati ya Atlantiki mitego ya vumbi iliyofungwa kwenye maboya ilikamata punje za Sahara zenye upana wa karibu nusu milimita, mchanga kabisa wa kuhesabika kwa kidole, hadi kilomita 3,500 kutoka pwani ya Afrika Magharibi. Kwa hesabu za kawaida zilipaswa kuwa zimeanguka siku ya kwanza.

Nilipomwambia mjomba habari ya punje hizo alinyamaza kidogo, nyuma yake mashine ikinguruma. "Kilomita elfu tatu," akasema. "Na mimi salfa yangu, nikichelewa kuzima, haivuki hata kwa jirani wa pili."